Mlingoti Ulioinama Chini ya Daraja la Kidandu

Kaeni vizuri, na wenye kukohoa wakohoe sasa. Hadithi hii niliachiwa bila jibu, nami nawaachia vivyo hivyo, msije mkanilaumu.

Palikuwa na mama mmoja, Bi Zamzam, na wanawe watatu, na kila mmoja alikuwa na lake. Mwatime, binti mkubwa, alijua maji. Tangu utotoni aliokota chaza kwenye mikoko, na akikanyaga tope kwa unyayo alikuambia mkondo umepita wapi jana na utapita wapi kesho. Shekue, wa katikati, alikuwa na jicho. Alikuwa mkwezi, akiutazama mnazi kutoka chini alikutajia urefu wake, ukaenda na kamba ukapima, ukakuta hakukosea. Lali, kitinda mimba, alijua uzito. Alipakia vyombo, na gunia moja tu akilishika alijua liwekwe wapi chombo kikae sawa. Watu walimwita mvivu kwa sababu alitazama sana kabla ya kunyanyua.

Mume wa Bi Zamzam, marehemu Fundi Famau, alimwahidi jambo moja: atamrudisha kisiwani Shundwe, alikozaliwa, kwa chombo alichokiunda kwa mikono yake mwenyewe. Akakiunda upande wa juu wa mto Kidandu, karibu na miti, kama mafundi wa huko walivyozoea. Na kama walivyozoea, akausimamisha mlingoti kwanza, kisha akapigilia sitaha kuuzunguka, usiweze kung'olewa tena. Ulikuwa mti mmoja mzima, mrefu kupita yote iliyowahi kuonekana mtoni. Kumbe fundi akipiga randa huku, mafundi wa barabara walikuwa wakimwaga zege la daraja kule chini ya mto. Siku chombo kilipokwisha, daraja nalo lilikuwa limekwisha, na mlingoti haukupita chini yake. Fundi akafariki, chombo kimefungwa kwenye mikoko.

"Famau kaunda kabati chumbani," watu wakacheka, "sasa mlango haulitoshi!"

Wenye huruma wakamwambia mjane, "Bi Zamzam, ukate huo mlingoti."

"Mti huu tuliuchagua msituni mimi na yeye," akajibu. "Atakayeukata anikate na mimi."

Akawaita wanawe. "Chombo cha baba yenu nampa atakayenipitisha darajani, mlingoti ukiwa mzima, anifikishe Shundwe. Mmoja tu." Maana kwa desturi ya mto ule chombo hakina wenyewe wawili: kikitia nanga huulizwa ni cha nani, na hutajwa jina moja. Watatu wote walikitaka. Kila mmoja aliwahi kumshikia baba ubao akipigilia, na kila mmoja aliamini alipendwa zaidi.

Kutoka darajani hadi Shundwe njia yote ni ya ndani, kati ya mikoko, maji yametulia kama ya mtungini. Taabu ilikuwa daraja lenyewe. Chini yake palikuwa na fungu la mchanga. Maji yakijaa, chombo kilielea juu ya fungu lakini mlingoti ukagonga daraja. Maji yakipwa, mlingoti ulishuka lakini chombo kikakaa mchangani.

Mwatime akashuka majini. Siku nyingi alitembea chini ya daraja, maji kifuani, akipapasa kwa miguu. Akarudi akicheka. "Kando ya nguzo ya tatu mkondo umechimba mfereji. Daraja limeuchimba lenyewe! Hapo chombo kitapita maji yakiwa nusu." Akachora njia nzima topeni kwa kijiti, kona kwa kona, hadi kisiwani.

Shekue akapanda mlingoti, akashuka, akaenda kulala kifudifudi juu ya daraja, akatazama mpaka jua likamchoma mgongo. "Hata maji yakiwa nusu," akasema, "mlingoti umezidi kwa urefu wa mkono wangu. Lakini si zaidi ya mkono."

Lali alikuwa amekaa tu, anautazama mchoro wa dada yake. "Mkono mmoja?" akauliza. "Basi tukilaze chombo."

Walimcheka, kisha wakaacha kucheka.

Siku yenyewe ikafika, mchana mweupe. Lali aliitoa foromali, ule mti wa kufungia tanga, nje ya ubavu, akaning'iniza mapipa kwenye ncha yake, akayajaza maji moja baada ya jingine. Chombo kikaanza kuegama. Mwatime alishika usukani, macho yakiwa kwenye nguzo ya tatu. Shekue alilala juu ya daraja, jicho likipima. Bi Zamzam aliketi chini ya mlingoti, ameukumbatia. Madereva wa malori walisimamisha magari wakashuka, wakajipanga ukingoni kutazama.

"Laza!" Shekue akapaza sauti. "Laza tena!"

Pipa la mwisho likajazwa. Mkondo ulikuwa umekwisha kukichukua chombo, na hapakuwa na kurudi.

"Bado! Kiganja kimoja bado!"

Lali aliangalia huku na huku. Hakuwa na pipa jingine. Ndipo Bi Zamzam akauachia mlingoti, akatambaa juu ya sitaha iliyoinama, akavuka ukingo, akakaa nje ya ubavu na miguu yake majini.

Chombo kikaegama kidogo tu. Mlingoti ukaingia chini ya daraja umeinama kama mtu aliye kwenye rukuu, na Shekue alinyoosha mkono chini ya zege akaigusa ncha yake ikipita. Kisha ukaibukia upande wa pili, na Lali alipoyakata mapipa, ukainuka polepole, ukapita malori, ukapita taa za barabarani, ukasimama wima juu ya kila mtu. Bi Zamzam alilia waziwazi. Miaka yote alijua mti ule ni mrefu, lakini hakujua ni mzuri kiasi kile. Juu ya daraja mtu mmoja alivua kofia, na wenzake wakamfuata.

Njia nzima kati ya mikoko watoto wakabishana.

"Bila mfereji wangu mngekuwa mchangani mpaka leo," Mwatime akasema.

"Na bila jicho langu ungeuvunja mlingoti ukiwa ndani ya mfereji wako," akasema Shekue, aliyewarukia chomboni kutoka kwenye nguzo.

"Mfereji na jicho havikuinamisha kitu," Lali akasema. "Wala mapipa yangu hayakutosha. Aliyemaliza ni Mama."

Hapo ubishi ukakwama, maana mama alikuwa ameahidi kukitoa chombo, na mtu hajipi zawadi aliyoahidi kuitoa.

Wakatokea Shundwe. Watu wamejaa ufukweni, wanauelekeza mlingoti kwa vidole, vinywa wazi. Mzee wa bandari akaingia majini hadi magotini, akauliza kama ilivyo desturi:

"Karibuni! Chombo cha nani?"

Watoto watatu wakamgeukia mama yao. Bi Zamzam akafungua kinywa, na mimi nafunga changu hapa. Haya, nyinyi mlionisikiliza: mlingoti ule uliinama kwa kazi ya nani, chombo kiwe chake? Tajeni jina moja tu.