Punje Sita za Vuli

Waliokaa mbali wasogee, na mwenye usingizi ajifinye, maana hadithi hii ikifika mwisho mtadaiwa jibu.

Kaskazini mwa ziwa, katika kijiji cha Rwenjugo, walikuwako watu watatu waliojua kuisoma vuli kabla haijafika.

Masatu, mchonga mitumbwi, aliisoma kwa nyayo. Alisimama majini hadi magotini, akafumba macho, na baridi ya maji ya chini ikamweleza kama mawingu yanayokuja ni ya kukaa au ni ya kupita.

Nyamisi, mfinyanzi, aliisoma kwa mchwa. Kila alipokwenda kuchimba udongo alitazama vichuguu: mchwa wakiziba milango yao, mvua ya kudumu iko karibu, wakiiacha wazi, bado.

Bwire, mwalimu mstaafu, aliisoma kwa daftari. Miaka thelathini na mmoja alipima mvua kwa chombo cha bati uani kwake, na utabiri wa redio aliusikiliza amekunja uso kama anayesahihisha mtihani.

Wa nne hakuwa na kipaji, alikuwa na ufunguo. Huyo ni Nyabweke, mtunza ghala la mbegu. Maziwa aliyokamua mwenyewe aliyanusa kabla ya kunywa. Ndiyo maana walimpa ufunguo.

Kila mwezi wa tisa, wale watatu walinyamaziana siku tano. Hawakuongea wala kusalimiana, ili kila mmoja afike na neno lake. Siku ya sita walikwenda kwa Nyabweke mmoja mmoja, kila mtu akatumbukiza punje za mtama kibuyuni. Punje moja: pandeni kwa mvua ya kwanza. Mbili: ya kwanza itawahadaa, ngojeni ya pili. Tatu: vuli hii msipande kabisa. Aliyesema kweli alipewa, kwa msimu mmoja, kipande cha ufukweni, udongo mweusi ulioachwa na ziwa. Kipande chenyewe ni kidogo, hupewa mtu mmoja tu.

Miaka mingine kila nyumba ilimfuata iliyemwamini. Mwaka ule mvua za masika zilikuwa zimekataa, na mbegu yote ya kijiji ilikuwa magunia sita ghalani. Ingepandwa mara moja. Ikifa, hakuna nyingine.

Nyabweke alimimina kibuyu mara tatu. Mbili. Mbili. Mbili. Akazipanga punje sita mkekani, akaziangalia kama mtu anayeangalia nyayo za mgeni mlangoni kwake.

"Tangu lini hawa wakakubaliana?" alimwuliza mumewe, Mugeta. "Hata njia ya kisimani wanabishania."

"Labda safari hii mambo yako wazi."

"Au wamekula njama. Wote wakisema sawa, watataka kipande kigawanywe. Theluthi ya uhakika, hakuna anayekosa."

"Mke wangu, wewe hata jua likichomoza unauliza nani kalituma."

"Na wewe umeshawahi kuuliza?"

Mwezi wa kumi mvua ikaja. Ilinyesha siku nne, nzuri, ya polepole, ikaingia ardhini bila kumwaga udongo. Siku ya tano watu walijaa mlangoni pa ghala na majembe begani.

"Mama Nyabweke, fungua! Au unangoja mbegu ziote humo ndani?" alisema Mafuru, na watu wakacheka, lakini si cheko la furaha. "Ng'ambo ya ghuba wameshapanda. Watakula, sisi tutawatazama."

Nyabweke akaushika ufunguo ndani ya kanga. Kama wale watatu walikuwa wamepanga maneno yao, basi punje zile hazikuwa na thamani, naye alikuwa anawanyima watu mvua. Na kama hawakupanga, kufungua ni kuitupa mbegu.

"Nipeni mpaka jioni," alisema.

Alianza kwa Masatu. Alimkuta anapiga tezo, amekaa.

"Mzee wangu, siku zile tano uliongea na nani?"

"Na mbao. Na zenyewe hazijibu."

"Basi niambie ulijuaje."

Masatu aliweka tezo chini. "Maji ya chini yalikuwa baridi, yaani mawingu ni ya kupita. Lakini miguu hii, binti yangu, imeshikwa na ganzi tangu niugue. Sikuiamini. Siku ya tatu nikaona Nyamisi ameanika vyungu vyake nje, havijachomwa, mchana kutwa. Nikasema, huyu haitarajii mvua. Nikatia mbili."

Nyabweke akaenda kwa Nyamisi.

"Mchwa walikuwa wameacha milango wazi," alisema Nyamisi. "Lakini ng'ombe wamevikanyaga vichuguu vyote, kimebaki kimoja. Kichuguu kimoja ni ushahidi gani? Nikapita kwa Mwalimu, nikaona chombo chake cha mvua kimepinduliwa juu chini kando ya ukuta. Nikajua hangoji kitu."

"Na vyungu vyako, mbona viliachwa nje?"

"Banda langu lilianguka, wifi. Ningeviweka wapi, kichwani?"

Nyabweke akaenda kwa Bwire, hatua zikizidi kuwa ndefu. Mwalimu alimfungulia daftari.

"Masika yakikosekana, mvua ya kwanza ya vuli hukatika miaka tisa katika kumi na minne. Redio nayo ilisema chini ya wastani, lakini redio inasemea mkoa mzima. Tisa katika kumi na minne si jibu, Mama. Nikamtazama Masatu. Mbao mbichi hakuzifunika kwa nyasi. Fundi wa mitumbwi asiyefunika mbao, mvua haipo."

"Na chombo chako kilichopinduliwa?"

"Nyigu walijenga ndani. Nilikipindua ili watoke."

Nyabweke alirudi kwa Masatu karibu anakimbia. "Zile mbao hukuzifunika kwa nini?"

"Nyasi zililiwa na mbuzi," alisema Masatu.

Nyabweke alikaa juu ya mtumbwi usiokwisha. Njama haikuwako. Kulikuwa na watu watatu, kila mmoja ana nusu ya jibu, na ile nusu nyingine kila mmoja ameichungulia kwa mwenzake, mahali ambapo hapakuwa na jibu lolote: banda lililoanguka, nyigu, na mbuzi. Lakini zile nusu za kwanza, baridi, mchwa na daftari, zote tatu zilielekea upande mmoja.

Jioni alisimama mlangoni pa ghala akasema, "Sifungui." Walimtukana hadi giza likaingia.

Kesho yake jua likatoka, likakaa siku kumi na tisa. Ng'ambo ya ghuba mahindi yalichipua, yakageuka njano, yakalala. Ndipo mvua ya pili ikaja na haikuondoka. Rwenjugo wakapanda, na mbegu yote ikaota.

Siku ya kutoa kipande ikafika. Nyabweke alisimama kwenye udongo mweusi ameshika kigingi ambacho mshindi hukipigilia mwenyewe, akawasimulia watu aliyoyasikia kwa wale watatu.

"Baridi niliihisi mimi," alisema Masatu. "Ganzi ilikuwa ya miguu, si ya ziwa."

"Kichuguu kilikuwa kimoja, lakini kilisema kweli," alisema Nyamisi.

"Tisa ni zaidi ya nusu ya kumi na nne," alisema Bwire. "Hiyo hesabu nilifundisha nusu ya kijiji hiki."

"Wote wamechungulia!" Mafuru alipaza sauti. "Kipande kikae bila mtu."

"Mwiko ni wa ulimi," Nyamisi akamjibu. "Macho hayakukatazwa, shemeji."

Nyabweke alijua jambo moja ambalo hakulisema. Angeletewa punje mbili na mtu mmoja tu, angefungua ghala siku ile ile. Zile sita, alizozishuku kwa sababu zilifanana, ndizo zilizomfunga mkono. Ungemtoa yeyote katika watatu, aliyemchungulia angebaki na nusu ya jibu, na mbegu ingekufa.

Akamtazama Masatu, kisha Nyamisi, kisha Bwire. Kigingi bado kiko mkononi mwake.

Je, nyinyi mliokaa hapa, mngemkabidhi nani? Au mngekirudisha ghalani? Kila mtu aseme lake. Ila kabla ya kufungua kinywa, usimtazame aliyekaa karibu nawe.