Mtani Aliyemtukana Semboja

Paukwa!

Pakawa!

Ebo! Pakawa gani hiyo ya wenye homa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hiyo ndiyo. Hapo zamani za kale, Semboja, mrina asali, alikula asali msituni mpaka koo likamkauka. Akainamia chemchemi ya zimwi. Akanywa, akanywa, akanywa. Alipoinuka, jina lake halimo kichwani, na njia ya kwao haimo.

Akaishi peke yake pangoni, akichimba viazi mwitu. Kila asubuhi ndege kwale alimuuliza, "Wewe nani?"

"Sijui."

"Kwenu wapi?"

"Sijui."

"Ole wako! Mvua za masika zikikukuta hujui, utakuwa mti."

Kweli, vidole vya miguu vilishaanza kuota mizizi. Kwale akamhurumia, akaruka hadi kijijini kumwambia mama yake Semboja.

Huko matanga ya Semboja yalishaanuliwa. Mama akatoka mbio hadi pangoni, hata kanga hakuifunga vizuri.

"Semboja mwanangu!"

"Shikamoo mama. Umepotea njia?"

Maskini mama! Akamlisha ugali na mlenda. Akala, akashukuru kama mgeni. Mama akamwimbia wimbo wa utotoni, yeye akasinzia tu. Mawingu yakatanda, mizizi ikafika magotini.

"Kwale, kimbia," mama akasema. "Niitie Matika, mtani wake wa ukoo wa bondeni."

Na mtani mnamjua. Msibani hana pole: humtania maiti, kisha huondoka na kuku.

Matika akafika, mikono kiunoni. "Kumbe uko hapa, mvivu wee! Hata kufa kumekushinda?"

Semboja akainua kichwa.

"Tumekulilia bure! Na mbuzi wako mweupe nilimchukua matangani. Nimemla mpaka kwato!"

"Mbuzi wangu?" Semboja akafura. "Nyie wala-panya wa bondeni, utamu wa mbuzi mtaujulia wapi? Mimi Semboja wa mlimani, nikikukamata!"

"Kajitaja!" kwale akapiga kelele.

Lakini mizizi bado iling'ang'ania, na tone la kwanza la mvua likadondoka. Mama akamshika Matika mkono, machozi yakimtiririka. "Mtukane, mwanangu, mtukane tena! Usimwonee huruma!"

Matika akatukana, hata mababu wa Semboja wakapata fungu lao. Semboja akachomoka ardhini, mizizi ikakatika, akamfukuza mtani wake hadi kijijini. Mama yuko nyuma yao, analowa, anapiga vigelegele.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa mama yake. Mwenye mtani, kesho akamtukane.