Majoho Ishirini na Manne

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake ni nyepesi kuisema: anayekitamani kitu kilicho mbali na mkono wake hana budi kujishusha na kutaabika ili akipate. Kuitenda sasa, hapo ndipo penye kazi! Muulize Mama Mkasi, fundi cherehani aliyewaambia wanafunzi wake methali hiyo kila siku, wala asijiambie mwenyewe hata mara moja.

Jina hilo alipewa kwa haki. Mji mzima haukuwa na fundi mwingine aliyethubutu kukata kitambaa bila chaki. Alimtazama mteja mara moja, akashika mkasi wake mkubwa wenye mpini mweusi na ka! ka! ka!, suruali imekatwa. Sifa zikamlevya. Siku mwanafunzi wake mmoja alipotumia chaki, alimcheka mbele ya wateja: "Wewe mwanangu, utaishia kushona vifungo!" Binti huyo, aliyebandikwa jina la Kidole kwa kuwa sindano ilimchoma kidole siku yake ya kwanza, aliondoka akilia. Baadaye akafungua duka lake mtaa wa pili.

Kisha maradhi yakabisha hodi. Kiharusi kilimlaza Mama Mkasi miezi minane, na alipoinuka mkono wake wa kulia ulikuwa mzito kama wa kuazima. Cherehani ziliuzwa apate matibabu, na mkasi nao ukaenda. Kidole alipomtuma mtu amletee kifurushi, Mama Mkasi alimrudisha mlangoni bila kumsikiliza: "Mwambie sitaki huruma yake!" Lakini kila alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda na kuomba ombi moja tu: "Bwana, nirudishie kazi yangu na mkasi wangu." Alitaka kuwa fundi tena kabla hajafa.

Jibu lilikuja Jumatatu moja, likiwa na sura asiyoipenda. Kidole alituma ujumbe kwamba anashona majoho ishirini na manne ya kwaya, kwa ibada ya Jumapili ya kuweka wakfu kanisa jipya. Alihitaji mtu wa kukunja mapindo na kufumua nyuzi za kushikizia, kazi ya kukaa chini mkekani.

"Mimi? Nikafumue nyuzi kwa Kidole?" Mama Mkasi alifoka. "Heri nife njaa!"

Mumewe, dereva mstaafu asiyeishiwa na mzaha, aliweka kikombe chini. "Hebu nieleweshe, mke wangu. Ulimwomba Mungu kazi, au ulimwomba kiti?"

Alinuna kutwa. Jioni akacheka peke yake jikoni, kisha akalia. Kesho yake alfajiri ombi lilikuwa jingine: "Bwana, mimi ni joho lililozidi. Nipunguze mpaka nitoshe."

Akaenda. Kidole alimpokea kwa adabu, "Shikamoo, mama," akamwekea mto juu ya mkeka. Siku nne Mama Mkasi alikunja na kufumua kwa mkono wa kushoto, taratibu, akimshukuru Mungu kwa kila pindo lililonyooka.

Jumamosi saa tatu asubuhi majoho yote yalikuwa yametundikwa kambani, mahameli ya zambarau, na Kidole akapiga makofi kwa furaha. Mwalimu wa kwaya angeyachukua saa kumi na moja jioni. Wateja watatu waliingia, jua likaingia nao, na pale chini Mama Mkasi akaona jambo lililomkata pumzi. Joho moja lilikuwa na bega linalong'aa na bega jeusi! La pili vivyo hivyo, ila mabega yamebadilishana! La tatu!

Alielewa papo hapo. Vinyweleo vya mahameli hulala upande mmoja, kama manyoya ya paka. Kidole alikuwa akibana kitambaa kisiishe, hivyo akageuza nusu ya vipande juu chini wakati wa kukata. Aliyesimama hakuona kitu. Lakini kesho waumini wangeketi chini ya jukwaa wakitazama juu, na kwaya nzima ingeonekana imevaa viraka.

Ulimi ulimwasha. Wateja wapo, aseme kwa sauti wajue fundi ni nani! Kisha akaikumbuka siku ile ya chaki, na aibu ikamwingia. Akalivuta gauni la Kidole polepole.

"Mwanangu, njoo uketi hapa kidogo."

"Mama, nina wateja."

"Keti."

Kidole akaketi, akatazama juu, akashika mdomo. "Mungu wangu! Nimekwisha! Na kitambaa hakuna tena!"

"Hujakwisha," Mama Mkasi alinong'ona. "Vipande vinavyong'aa ni nusu, vyeusi ni nusu. Tutafumua, tupange upya. Majoho kumi na mawili yanayong'aa, sauti ya kwanza na ya pili. Kumi na mawili meusi, sauti ya tatu na ya nne. Watadhani tulikusudia!"

"Nani atafumua yote hayo leo?"

"Sasa wiki nzima nilikuwa nafanya nini hapa?"

Weee! Duka likawaka moto! Mkono wa kushoto wa Mama Mkasi, uliokwisha kuizoea kazi hiyo ya chini, ulifumua mishono kama unamenya ndizi. Cherehani ya Kidole ikanguruma bila kupumzika. Wateja wakajikuta wanapanga vipande. Mume alikuja kuulizia chakula cha mchana, akakabidhiwa pasi. Saa kumi yalibaki majoho manne, saa kumi na nusu mawili. Mwalimu wa kwaya alibisha hodi wakati Mama Mkasi anakata uzi wa mwisho kwa meno!

Mwalimu aliyazunguka majoho, macho yamemtoka. "Kitambaa kimoja, rangi mbili! Nani kabuni hili?"

"Ni kazi ya duka la Kidole," Mama Mkasi alimwahi.

"Hapana," Kidole alisema mbele ya wote. "Mimi niliharibu. Mama huyu ndiye aliyeniokoa, na hakuniaibisha."

Walipoondoka, Kidole alionyesha chini ya meza ya kukatia. "Mama, kuna kitu chako pale. Mgongo wangu leo hauinami, kichukue mwenyewe."

Mama Mkasi akapiga magoti, akaingiza mkono ndani kabisa, akavuta kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa. Akakifungua. Mpini mweusi!

"Niliununua siku mlipouuza," Kidole alisema. "Nilimtuma mtu akuletee, ukamrudisha. Jumatatu nifundishe kukata, mama."

"Kwa chaki," Mama Mkasi alijibu, machozi yakimtiririka, na vidole vya mkono mzito vikaingia mpinini. Polepole, ka!

Kwa kuwa alikuwa magotini tayari, hakuona haja ya kuinuka; alimshukuru Mungu hapo hapo, sakafuni, kichwa chini ya meza, huku akicheka. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.