Kipandauso cha Kifaru na Askari Wake Arobaini

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na kichwa!

— Cha nani?

Cha Kifaru. Kinagonga: gwa! gwa! gwa! Tulieni basi, ninyi wa nyuma, mtamzidishia.

Kifaru alikuwa na nguvu, na uroho wake ulizidi nguvu zake. Shashi, wale ndege wadonoa kupe, aliwachukua wote arobaini wawe askari wake. Swala hakuachiwa hata mmoja. Mtoto wa Swala akanyonywa na kupe hadi akashindwa kusimama.

Mgongoni kwa Kifaru kupe waliisha siku ya kwanza. Sasa askari watakula nini? Wakahamia masikioni na utosini, wakamdonoa bwana wao mwenyewe: do! do! do! Kipandauso kikamshika upande mmoja: gwa! gwa! gwa!

"Adui kaingia kichwani!" akanguruma Kifaru. "Askari, mdonoeni!"

Wakadonoa: do! do! do! Kichwa kikajibu: gwa! gwa! gwa!

"Zidisheni!"

Wakazidisha. Kichwa nacho kikazidisha. Nyie mnacheka, mwenzenu alikuwa anatapika.

Sange, yule mnyama mwenye pua ndefu, mdogo wa kukaa kiganjani, alimwonea huruma mtoto wa Swala. Akaenda kwa Kifaru.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema polepole!"

"Mzee, hakuna adui. Wanaokuumiza ni askari wako."

"Askari wangu? Waniumize mimi? Toka!"

Akapiga pembe chini, pu! Sange akaruka pembeni. Ukweli umekataliwa, akajaribu kitu kingine.

"Nisamehe, mzee. Adui yupo, ila kakimbia. Kajificha mgongoni kwa mtoto wa Swala."

"Alaa! Nilijua tu! Askari, mkamateni!"

Pururururu! Wote arobaini wakaruka. Wakamkuta mtoto kajaa kupe, wakala wakashiba. Jioni mtoto akasimama, akanyonya. Mama yake akalia kwa furaha. Na kichwa cha Kifaru? Kimya.

"Umeona?" Kifaru akajisifu. "Wasirudi hapa mpaka wamkamate!"

"Itachukua muda, mzee," akasema Sange. "Huyo adui anahamahama."

Wanamsaka mpaka leo, mgongo kwa mgongo.

Ngano yangu imechoka, mpisheni ikae. Funzo? Kusema uongo ni vibaya, watoto. Na ukiumwa kichwa usijichunguze: mlaumu jirani, utapona.