Pumzi ya Mwinjilisti Kadiva

"Nota husomwa, pumzi huzoewa." Mmeisikia leo kwayani, mkacheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, tulieni, maana chanzo chake ni msiba.

Katika usharika wetu huku Upare alikuwapo Navoneiwa, mwimbaji wa sauti ya pili. Aliimba kwaya miaka thelathini na mmoja kwa kujitolea, hajapewa hata mche wa sabuni. Nota hakuzijua, nyimbo zote alifundishwa kwa sikio na Mwinjilisti Kadiva, mzee mwenye pumu. Kadiva alipofariki, ikatangazwa kwamba Askofu mwenyewe atakuja kumzika. Basi Elinihaki, mwalimu wa kwaya, akaingiwa na kiwewe, akaleta waimbaji wanne wa kulipwa kutoka mjini. Walikuwa vijana hodari wenye adabu, msiwaonee. Walikuja kufanya kazi yao.

Baada ya mazoezi Elinihaki akamvuta Navoneiwa pembeni.

"Dada, kesho simama nyuma, uchezeshe midomo tu. Wewe husomi nota, sauti yako inawachanganya wageni."

Navoneiwa alijibu kwamba amesikia, kisha akalia njia nzima. Kumzika mwalimu wako ukiwa bubu, jamani, ni uchungu. Aliwaza kubaki nyumbani, lakini nani angebaki nyumbani Kadiva akizikwa?

Kesho yake wageni wakauanza wimbo wa kuaga kama ulivyoandikwa, na hapo mambo yakaharibika. Kadiva, kwa ile pumu yake, kila baada ya mstari wa pili alikuwa akinyamaza kidogo avute pumzi. Usharika mzima ulijifunza hivyohivyo, ukidhani ndivyo wimbo ulivyo. Wageni walipopitiliza, watu wakaachwa nyuma. Ubeti wa pili ukawa vurugu; kufika wa tatu kanisa likanyamaza, wageni nao wakakatika, na jeneza liko mbele yao. Mikono ya Elinihaki ikabaki hewani.

Navoneiwa alijua alichokatazwa. Lakini mzee wake azikwe kwa aibu ile? Akauanza wimbo upya, peke yake. Mistari miwili, akanyamaza. Kanisa zima likavuta pumzi pamoja naye, kisha likaupokea wimbo kwa nguvu. Watu walilia waziwazi, kwa kuwa walitambua ile pumzi ilikuwa ya nani.

Mmoja wa waimbaji wa kulipwa, binti aitwaye Tumsifu, akakunja karatasi yake ya nota, akaja nyuma kumshika Navoneiwa mkono.

"Mama, nionyeshe tunapumua wapi."

Navoneiwa akawa anambana kiganja kila pumzi ilipofika, na wakaimba hivyo mpaka kaburini.

Baada ya maziko Elinihaki alimwomba Navoneiwa msamaha mbele ya kwaya yote. Askofu, aliyekuwa karibu, akauliza kile kituo cha mstari wa pili kimeandikwa katika kitabu gani, maana yeye hajawahi kukiona.

Elinihaki akainamisha kichwa.

"Hakijaandikwa popote, Baba Askofu," akasema. "Nota husomwa, pumzi huzoewa."