Ufunguo Kwenye Ndoo ya Fisi

Kama kuna anayekula, aweke sahani pembeni kwanza. Hadithi hii inanuka.

Walikuwepo mafundi watatu pale Same. Kiondo alikuwa na nguvu na akili ya minyororo: chuma kilichopinda alikivuta mpaka kikanyooka. Senzota alikuwa fundi wa kuchomelea, na alichokiunga hakikuachana tena. Na Namkunda? Namkunda hakuwa na kinyaa, basi. Wenzake walimcheka, eti hicho nacho ni kipawa gani, lakini kila panya alipofia ndani ya injini walimwita yeye. Yeye alichotaka maishani ni kuendesha gari. Leseni alikuwa nayo, kaifunga kwenye pindo la kanga. Usukani ndio hakuna aliyempa.

Mzee Mrutu alikuwa na Landrova, gari pekee lililopandisha abiria milimani kwao. Alfajiri moja, hatua chache kutoka gereji ya mafundi hao, dereva wake akamgonga fisi. Bampa la mbele likakunjika, likabana tairi, na fisi akanasa humo humo. Mtu mwenye akili angemtoa. Dereva yule akasema, "Fisi huyu ana mwenyewe, ni wa mchawi," akampelekea Mzee ufunguo na kuacha kazi. Gari likakaa juani siku tatu, na nzi wa mji mzima wakahamia hapo.

Mzee akaja, leso nyeupe puani. "Atakayelifanya gari langu litembee ndiye dereva wangu. Ufunguo huu hapa."

Moyo wa Namkunda uliruka. Akajifunga kanga, akaingia chini ya bampa. Nyama ilikuwa imelainika, inatoka pamoja na manyoya, na funza wakimdondokea mikononi. Akachomoa utumbo, akachomoa mguu, akajaza ndoo. Wale wanaume wawili walikuwa nyuma ya choo wanatapika.

Zamu ya Kiondo. Akafunga mnyororo kwenye bampa na kwenye mti, akapokea ufunguo kwa Mzee, akaingia garini huku kabana pumzi, akarudi nyuma taratibu. Chuma kikalia, kikanyooka, tairi likaachiwa. Lakini kishikizo kimoja kikakatika, bampa likabaki linaning'inia.

Senzota akalala chali palepale palipolowa maji ya fisi, akachomelea. Moto ulipogusa mafuta yaliyoganda, harufu ya uozo wa kuungua ikawaingia watu mpaka kooni. Machozi yalimtoka, ila hakuacha mpaka bampa likashika.

Kiondo akaliwasha gari, likazunguka uwanja bila kukwaruza popote, akamrudishia Mzee ufunguo.

"Bila mimi msingelisogelea," alisema Namkunda.

"Bila mimi tairi lisingezunguka," Kiondo akadakia.

"Na bila mimi bampa lingebaki njiani," alisema Senzota.

Mzee Mrutu akamtazama Namkunda, akatema mate pembeni. "Umefanya kazi, binti, sikatai. Ila abiria watakubali kweli kupokelewa mizigo na mikono hiyo?"

Aibu gani hii! Mikono iliyomtolea uozo ndiyo hiyo sasa inamtia kichefuchefu. Namkunda hakuwa amechukizwa na fisi hata mara moja. Leso ile ndiyo iliyomchafua roho.

Mzee akainua ufunguo. "Basi, nampa..."

Nzi akatua mdomoni mwake. Mzee akaruka, ufunguo ukamponyoka, ukatumbukia kwenye ndoo, ukazama.

Kiondo akamtazama Senzota, Senzota akatazama viatu vyake. Kisha wote watatu wakamgeukia Namkunda.

"Dada, si wewe umeshazoea," Kiondo akasema.

Namkunda akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akautoa. Mzee akanyoosha leso yake.

"Ulete hapa, nimalize kuamua."

Namkunda hakumpa. Funza mmoja alikuwa akitambaa juu ya ufunguo, naye alimwacha atambae.

Haya, nyie mnaoziba pua, kazi imebaki kwenu. Gari ni la Mzee, jasho ni la watatu, ufunguo uko kwenye ngumi ya mmoja. Usukani ni wa nani? Na wewe ungekuwa Namkunda, ungeurudisha ufunguo ule kwenye leso?