Nyuzi Ambazo Kompyuta Haikuonyeshwa

Jumatano, tarehe tisa Oktoba, saa tano na dakika ishirini asubuhi, mpanda minara mmoja alifunga mkanda mpya wa usalama kiunoni, akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Wapendwa, mtu huyo nimemtunga ili tujitazame.

Mkanda ule ulikuwa wa plastiki ambayo haikuwahi kuwapo duniani. Katika maabara moja, mkono wa roboti ulichanganya kemikali kutwa nzima, ukatengeneza nyuzi. Wafanyakazi wanne walizipasha moto, wakazivuta kwa mashine, wakaandika matokeo kwenye kompyuta. Kompyuta ilijifunza kutokana na matokeo hayo, ikapendekeza mchanganyiko unaofuata. Lakini palikuwa na mazoea: uzi uliokatika hauandikwi. Mkuu wao hakupenda kuona sifuri. Kila mfanyakazi aliutupa kimya kimya kwenye ndoo iliyo chini ya meza yake.

Mmoja wao, mama wa makamo, alikuwa amesimama chini ya mnara pamoja na wenzake watatu na mkuu wao, wamekuja kuona mkanda ukijaribiwa. Wiki iliyotangulia, uzi wa mchanganyiko ule ule uliofumwa mkanda huu ulimkatikia ulipopata joto. Aliutupa.

“Mama, mbona unanitazama kama umeona jeneza?” mpandaji alimtania.

“Jua kali leo, kaka yangu. Si ungesubiri jioni?”

“Jioni? Jioni nina miadi na pilau ya mke wangu!”

Mkuu akageuka. “Kuna tatizo?”

Mama alifungua kinywa. Akawatazama wenzake watatu. Kila mmoja alitazama viatu vyake.

“Hakuna, mkuu. Kompyuta imesema utashika.”

Mtu akapanda. Mita kumi. Mita ishirini. Jua likauchoma mkanda, ukalainika. Alipoegemea nyuma afungue nati, ukakatika.

Baada ya mazishi, watu walisema kompyuta imeua. Ndipo ndoo zikaletwa, zote nne, zikamwagwa sakafuni. Katika kila ndoo mlikuwa na nyuzi za mchanganyiko ule ule, zimekatika. Wote wanne walijua. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyeharibu kazi.

Na sisi je? Tunaposimama kutoa ushuhuda, tunasimulia ushindi. Nani amewahi kusimama hapa akasema, “Mimi nilianguka mahali fulani, ndugu yangu, usipite hapo”? Hata kwenye kitubio tunampelekea padre dhambi zilizofuliwa na kupigwa pasi. Watoto wetu wanajifunza kwa yale tunayowaonyesha tu. Wakianguka, tunauliza, “Huyu tabia hii kaitoa wapi?”

Nayasema polepole, kwa kuwa nami nilinyamaza. Kabla hamjanifahamu, nilikunywa pombe miaka saba, nikaacha kwa taabu kubwa. Mdogo wangu Longino sikumwambia. Alinijua kama mtu safi. Alipoanza kunywa, aliona aibu kubisha mlangoni kwangu. Nilimzika mwezi wa pili.

Ukitoka hapa leo, mtafute mmoja. Mwambie ulipoanguka.

Tusimame, tusali. Ee Bwana, mpokee Longino, na wote walioondoka kabla hatujawaambia ukweli. Yale tuliyowanyima sisi, wape wewe. Wafute machozi, uwapumzishe karibu nawe. Amina.